Kipimo kilichozaliwa Hai kifike kila zahanati

Kwa karibu nusu karne, kipimo cha kumbukumbu kilichotumika sana kuliko vingine duniani kimekuwa kile kilichochapishwa Marekani mwaka 1975, chenye alama 30. Kinamtaka mzee aanze na mia, atoe saba, atoe tena saba, aendelee hivyo hivyo kushuka. Kinamtaka asome agizo lililoandikwa na alitekeleze, aandike sentensi yake mwenyewe, kisha anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopandana. Kinamuuliza majira ya mwaka. Kinamuuliza yuko ghorofa ya ngapi.

Mpelekee maswali hayo bibi wa miaka themanini anayeishi kwenye kihamba chake Machame. Alipokuwa msichana, ada ya shule ilikuwa ya kaka zake. Penseli hajaishika. Pembetano ataikosa, sentensi ataikosa, hesabu ya saba saba itamshinda katikati, na ghorofa hana. Alama zake zitakuwa za mgonjwa, ilhali ndiye anayekumbuka nani alikopa nini kwenye kikoba, mbuzi yupi ni wa mjukuu yupi, na mpaka wa shamba ulipita wapi kabla jirani hajausogeza. Kinyume chake, mwalimu mstaafu ambaye ugonjwa umeshaanza kumtafuna anaweza kupita kipimo hicho bila shida, kwa kuwa hesabu na sentensi ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu waliosoma humwonea asiyesoma na humficha aliyesoma, na kwa wazee wetu wasiosoma wengi ni wanawake.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakizungumzia utafiti wa demensia, yaani yale magonjwa ya ubongo yanayokula kumbukumbu, uamuzi na mwenendo wa mtu, macho hukimbilia maabara za Marekani na Ulaya. Kazi ninayoiona kuwa na uzito zaidi kwetu ilifanyika chini ya Mlima Kilimanjaro.

Wilaya ya Hai ilikuwa na bahati moja. Tangu miaka ya 1990 kaya zake zilikuwa zikihesabiwa na kufuatiliwa kwa ajili ya utafiti wa magonjwa na vifo vya watu wazima, kwa hiyo ilijulikana nani ana umri gani na anaishi wapi. Mwaka 2009 na 2010 timu ya madaktari na wauguzi wa Hai, wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, wakiwemo Profesa Richard Walker na Dk. Stella-Maria Paddick, iliwafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waliodhaniwa kuwa na tatizo walichunguzwa na daktari. Baada ya kurekebisha kwa umri, demensia ilikutwa kwa asilimia 6.4, takriban mzee mmoja kati ya kumi na sita.

Takwimu hiyo ilivunja imani ya muda mrefu. Katika utafiti mwingine mkubwa uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, timu ya Hugh Hendrie na Adesola Ogunniyi ilitangaza mwaka 2001 kwamba wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis. Ulikuwa utafiti makini, na bado una mengi ya kutufundisha kuhusu presha, chakula na urithi wa vinasaba. Lakini wapo walioutafsiri wanavyotaka wao: Mwafrika hapati ugonjwa huu. Hai ilionyesha kwamba anaupata, katika kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri, na kwamba anakaa nao nyumbani bila mtu wa afya kumwambia ni nini.

Walichofanya baadaye ndicho kilichonivuta kuandika. Walichambua majibu ya wazee wale wale wakatafuta maswali machache yanayomtenga mgonjwa na mzima bila kujali kama alisoma. Kufikia mwaka 2015 kipimo kilikuwa kimekamilika na kujaribiwa, Hai na pia Nigeria, kwa jina la IDEA. Kina maswali sita. Daraja ni nini? Leo ni siku gani ya juma? Kiongozi wa kijiji hiki ni nani? Taja wanyama wengi uwezavyo ndani ya dakika moja. Mzee husomewa maneno kumi, kisha baada ya muda huulizwa anakumbuka yapi. Mwisho anayempima hupanga umbo kwa njiti za kiberiti, naye mzee hupewa njiti zake aunde linalofanana. Jumla ni alama 15, na anayepata 7 au pungufu anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Hakuna karatasi anayoijaza mzee, na muuguzi au mhudumu aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwembe.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Katika zahanati na vituo nilivyowahi kupeleka wazee, wanapimwa presha, siku ambayo vipimo vipo wanapimwa na sukari, basi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiulizwa leo ni siku gani. Ndugu akisema, “Dokta, siku hizi mama anasahau sana,” jibu ni lile lile: ni uzee.

Uzee haufanyi hivyo. Uzee hupunguza kasi. Unasahau jina la mtu, linakuja ukiwa umeshafika nyumbani. Unaweka miwani mahali, unaitafuta, unaicheka. Lakini mama aliyepika ngararimo tangu akiwa mwali akishindwa kujua kinachofuata baada ya kubandika sufuria, au mzee akipotea kwenye njia aliyoipita kwenda ibadani kila juma, huo ni ugonjwa, na kuuita uzee ni kumnyima mtu haki ya kuchunguzwa. Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki kiingizwe kwenye kazi ya kila siku ya zahanati na ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, sasa, bila kusubiri mabingwa waongezeke na bila kusubiri dawa mpya.

Dawa hizo mpya nazo zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, na mwaka uliofuata donanemab. Zote husafisha kwenye ubongo protini iitwayo amiloidi, ambayo hujikusanya kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia. Ni ushindi wa kweli wa sayansi baada ya miongo ya kushindwa, na siwabezi walioufikia. Lakini katika jaribio la lecanemab lililowahusisha watu 1,795, ugonjwa ulipungua kasi kwa asilimia 27 katika miezi 18, na kwenye mizani ya alama 18 tofauti hiyo haikufika hata nusu alama. Hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu. Katika jaribio hilo dawa iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, inampasa mgonjwa apigwe picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Uingereza yenyewe, kupitia chombo chake kinachopima thamani ya dawa, ilisema katika rasimu yake ya mwaka 2024 kwamba faida ni ndogo mno kwa gharama hiyo. Wao wakisema hivyo, sisi ambao mgonjwa wa Mpanda anasafiri siku nzima kuifuata MRI hatuna sababu ya kukaa tukiisubiri.

Tunayo dawa nyingine, na iko kwenye kabati la zahanati. Ni vidonge vya presha.

Mishipa midogo ya damu inayolisha ubongo huharibika taratibu presha inapokaa juu kwa miaka. Kila kimshipa kinachoziba huua kipande kidogo cha ubongo bila mtu kupooza wala kuanguka, mpaka siku hesabu zinapogoma. Mwaka 2019 jaribio kubwa la Marekani lenye watu 9,361 lilionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kunapunguza kwa asilimia 19 hatari ya kudhoofika kwa akili kunakotangulia demensia. Na mwaka 2025 ikaja habari kutoka vijijini China ambayo ningependa isomwe kwenye kila kikao cha timu ya afya ya halmashauri. Katika vijiji 326, wenye presha karibu 34,000, nusu ya vijiji wakihudumiwa kama kawaida na nusu wakifuatiliwa kwa karibu na matabibu wa kijiji waliofundishwa kupandisha dozi kwa utaratibu uliopangwa, chini ya usimamizi wa madaktari. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 kwenye vijiji vilivyofuatiliwa. Hawakutumia mashine ya ajabu wala mabingwa wa ubongo, walitumia vidonge vya bei nafuu na mtu wa kijijini anayejua kazi yake.

Turudi Hai. Timu ile ile iliwapima wazee presha na kukuta takriban asilimia 70 ya wenye miaka 70 na zaidi wanayo, wengi wao wakiwa hawajui. Na wanaojua nasi tunajua tabia zetu: dozi inaanzwa, kichwa kinaacha kuuma, mtu anasema presha imeshuka, vidonge vinabaki kwenye bahasha hadi siku ya kuanguka. Kila kliniki ya presha inayomwacha mgonjwa apotee bila kumpigia simu inatengeneza demensia ya miaka kumi ijayo. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa: presha, kisukari, kutosoma, sigara, pombe, upweke, kutosikia, kutoona na mengine. Mtoto wa jicho ambaye hajatolewa yumo kwenye orodha hiyo. Msichana aliyenyimwa shule pia yumo.

Kuna jambo jingine ambalo jibu la “ni uzee” linaliua, nalo linaniuma kuliko yote. Si kila anayesahau ana ugonjwa usiotibika. Tezi ya shingo ikilegea, mtu huzubaa na kusahau, na kidonge cha kila siku humrudisha. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyo hivyo. Sonona kwa mzee aliyefiwa na mwenzake hufanana mno na demensia, na ina tiba. Damu iliyojikusanya taratibu chini ya fuvu, baada ya mzee kujigonga kwenye fremu ya mlango na wote kulisahau tukio lenyewe, huondolewa kwa upasuaji. Kaswende ya zamani iliyofika kwenye ubongo, virusi vya Ukimwi kwa mtu ambaye hakuna aliyewaza kumpima kwa sababu ana miaka 72, vyote vinahitaji mtu wa kuuliza. Hata dawa tunazojinunulia wenyewe duka la dawa: zile za mafua zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za usingizi na za mishipa ya fahamu, humchanganya mzee kichwa. Na anayechanganyikiwa ghafla, leo mzima, kesho hajui watoto wake, huyo mara nyingi ana malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo, naye anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kutoulizwa kunaleta hatari ya upande wa pili pia. Mzee akianza kuona watoto au wanyama wasiokuwepo chumbani, anapelekwa kutulizwa kwa dawa za wagonjwa wa akili. Ipo aina ya demensia iitwayo ya Lewy ambayo maono hayo ni mojawapo ya dalili zake kuu, na mgonjwa wa aina hiyo akipewa haloperidol, mojawapo ya dawa hizo, anaweza kukakamaa mwili, akashindwa kumeza, hata akafa. Tabibu aliyeelezwa hili mara moja hataagiza sindano hiyo kwa haraka tena.

Na nje ya hospitali, kutojua kunaua kwa namna ambayo haiandikwi kwenye cheti cha kifo. Bibi anaamka usiku wa manane, ameacha khanga ndani, anazunguka nyumba ya jirani akimtafuta mama yake aliyekufa kabla ya Uhuru. Anaongea na mtu asiyeonekana. Alfajiri anakutwa uani kwa watu. Kwenye kijiji chenye mtoto mgonjwa au ng'ombe aliyekufa, maelezo yanapatikana haraka sana. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, wazee wanaotishiwa na ndugu zao wenyewe wamekuwa wakikimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Kwetu Usukumani tumezika bibi wengi waliohukumiwa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Sidai kwamba waliouawa walikuwa na demensia. Wengi walikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka. Ninachodai ni kwamba mwenendo wa mgonjwa wa demensia ndio hasa unaosomwa kama ushahidi wa uchawi, na kwamba muuguzi anayefika kwenye ile kaya na kusema mbele ya wanawe na balozi, “Huyu mama ni mgonjwa, ugonjwa wake uko kichwani, nimempima,” anaweza kuokoa maisha. Makueni, Kenya, watafiti wakiwemo Christine Musyimi na Profesa David Ndetei wamefanya kazi hiyo ya kuzungumza na familia, waganga na watoa huduma kuhusu ugonjwa huu na unyanyapaa wake. Kazi yao inastahili fedha nyingi kuliko inazopata.

Wapo watakaoniuliza: ukishampima, utampa nini? Ni swali la haki, na nimelisikia kutoka kwa madaktari ninaowaheshimu. Hofu yao ni kumbandika mtu jina zito kisha kumwacha. Jibu la kwanza nimeshalitoa: utamtafutia kinachotibika, utamtibu presha, utamwondolea dawa zinazomchanganya. Jibu la pili lilipatikana Hai vilevile. Tiba ya vikundi iliyoanzia Uingereza, ambayo wagonjwa hukutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba na kuuchangamsha ubongo kwa mazungumzo, nyimbo na kazi za mikono, ilifanyiwa marekebisho ilingane na maisha ya wazee wa kule kisha ikajaribiwa. Washiriki walikuwa 34 tu, na namba hiyo ndogo haituruhusu kutamba, lakini akili zao zilipimwa kuwa bora kuliko kabla, na wasiwasi wao ulipungua. Haina vidonge. Inahitaji mtu mmoja aliyefunzwa na mahali pa kukaa.

Jibu la tatu ni familia. Mtu akijua anakabiliana na nini, anaacha kumpigia mama yake kelele kwa kuuliza swali moja mara kumi. Anaficha visu na kiberiti, anafunga komeo la juu, anawaambia majirani na bodaboda wa kijiweni: mkimwona mnirudishie. Watoto wanagawana zamu badala ya kumwachia binti mmoja ambaye hakuolewa. Na kabla mzee hajafika mbali, anakaa na wanawe na wazee wa ukoo, anasema shamba ni la nani. Kesi ngapi za mirathi kwenye mabaraza yetu zinatokana na dole gumba lililowekwa kwenye karatasi na mtu ambaye hakujua tena anasaini nini?

Mapungufu ya kipimo chenyewe tuyaseme. Swali la kiongozi wa kijiji linamfaa aliyezeeka mahali pamoja. Bibi aliyeletwa Mbagala kwa mwanawe miezi mitatu iliyopita hamjui mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na hata mwanawe huenda hamjui. Mwenye mtoto wa jicho hazioni njiti, asiyesikia hayapati yale maneno kumi. Kwa hiyo alama ndogo ni sababu ya kumchunguza mtu, haitoshi kumtangaza mgonjwa, na ndugu anayeishi naye lazima aulizwe shughuli gani za kila siku zimemshinda tangu lini. Toleo la mjini linahitaji kufanyiwa kazi, na wanaoweza kuifanya wapo, KCMC na Muhimbili.

Watu wa kukitumia kipimo nao wapo. Kenya ilizindua mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Wanafundishwa uzazi, lishe, malaria, kifua kikuu. Waongezewe somo la maswali sita, na fomu yao ya kaya iwe na mstari mmoja: mzee wa miaka 60 na kuendelea, amepimwa kumbukumbu, ndiyo au hapana. Kituo cha afya kinachowapokea kiwe na karatasi moja ukutani kwa ajili ya afisa tabibu, inayomwambia apime nini, asimamishe dawa zipi, na nani apelekwe hospitali ya wilaya leo leo. Alama za kipimo bila mpokeaji zitakuwa mzigo mwingine kwa familia, ndiyo maana karatasi hiyo ya ukutani iandaliwe kwanza, kabla ya semina ya kwanza ya wahudumu, na Hai ndiko pa kuanzia, maana wauguzi wa kule waliwahi kuifanya kazi hii.